Upondo wa Bulugamu

Vijana wawili walikuwa wamekwama katikati ya matete. Mtumbwi wao wa mbao, wenye kitako bapa, ulikuwa umetoka ukingoni mwa bwawa hatua chache tu, na nyavu walizotega jioni zilikuwa ng'ambo ya matete hayo. Mmoja alikuwa akipiga kafi, na kila kafi lilipotoka majini lilitoka na shada la magugu. Mwishowe mwenzake akavua viatu, akakunja suruali, akashuka. Maji yalimfika kifuani, tope likammeza hadi magotini, naye akaanza kuusukuma mtumbwi kwa bega huku meno yakigongana. Ilikuwa saa moja asubuhi, nje ya Eldoret, upande wa kuelekea mji mdogo wa Ziwa. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na maji ya bwawa saa hiyo hukata kama kisu.

Walichokosa vijana wale ni mti mmoja: mrefu, ulionyooka, mwepesi, wenye panda upande wa chini. Pwani mti huo una jina lake. Ni upondo, ikiwa ni mingi, ni pondo. Mtu anayesimama tezi ya chombo na kukisukuma kwa mti huo anapiga pondo, na mtoto wa Lamu hujifunza kazi hiyo kabla hajafundishwa kushika usukani. Huku kwetu Eldoret, Kaunti ya Uasin Gishu, neno lenyewe halisikiki. Nilipouliza sokoni niliambiwa "ule mti wa kusukumia boti", na aliyenijibu hakuwa amewahi kuuona.

Mimi upondo niliujulia Mkanda, ule mkondo mwembamba unaopita kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko ikiwa imesimama pande zote mbili. Vyombo vinavyotoka Lamu kwenda Pate hupita pale kwa kuvizia maji. Siku moja tulichelewa. Maji yalikuwa yanakupwa, na nahodha alipoona rangi ya maji imegeuka kahawia alizima mashine bila kusema neno. Baharia wake akachomoa upondo uliokuwa umelazwa ubavuni, akauteremsha wima, akaegemea. Chombo kikasogea. Hapakuwa na kelele wala harufu ya mafuta, na tope halikutibuliwa. Kila alipouzamisha aliangalia alama ya maji kwenye mti, akamwambia nahodha kina kwa kidole tu. Tulifika. Waliotufuata nyuma walipwelewa, wakangoja maji yajae usiku.

Nimelikumbuka jambo hilo mara nyingi tangu nione jinsi samaki walivyozidi kuwa chakula cha watu wa huku juu. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchochea uchumi ambao, pamoja na mengine, ulikusudia kuchimba vidimbwi 200 vya samaki katika kila eneobunge, kwa kuanzia na maeneobunge 140. Vingi vilikauka, vingine vikaachwa vikaota nyasi, lakini hamu ya kula ngege na kambare ilibaki. Leo mabwawa ya zamani, mengine ya enzi za masetla yaliyokusudiwa kunywesha ng'ombe, yana wavuvi. Ni wavuvi wa asubuhi, wenye shamba na ng'ombe wao, ambao hawawezi kununua mashine ya boti wala hawaihitaji. Bwawa la ekari chache lenye magugu halitaki mashine. Rafadha itasokotwa na majani kabla haijazunguka mara kumi.

Wala si mabwawa tu. Mto Sosiani unaopita katikati ya Eldoret huungana na Kipkaren, Kipkaren ukaingia Nzoia, na Nzoia ukaenda kumwaga maji Ziwa Viktoria kule Budalangi. Maji yaleyale tunayoyavuka kwa daraja mjini ndiyo yanayofurika mashamba ya Budalangi mto unapovunja kingo. Mtu anayehamisha watoto na magunia juu ya shamba lililofunikwa na maji ya mita moja hawezi kufanya kazi hiyo kwa kasia peke yake. Anahitaji kitu cha kukanyagia ardhi iliyo chini.

Basi nikaamua kutengeneza upondo hapa Eldoret, kwa vitu vya Eldoret, na kwa pesa ambayo kijana wa bwawani anaweza kuitoa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la haraka. Nilikata mche wa bulugamu, ambao kamusi zinauita mkaratusi, nikautoa matawi, nikaupeleka bwawani siku ya tatu. Ulikuwa mzito kama mtu aliyelala. Baada ya wiki mbili ulikuwa umepinda kama upinde na kupasuka ncha zote mbili. Siku moja uliingia kwenye tope ukakataa kutoka, na kwa kuung'ang'ania nilikaribia kutumbukia. Nikauacha palepale, umesimama peke yake katikati ya bwawa.

Kwa hiyo niliuanza mti upya.

Pwani wanatumia mikoko, na wana sababu. Mkoko, msinzi na mkandaa hukua ikiwa imenyooka na kuvumilia maji ya chumvi. Wafanyabiashara wa miti ya Lamu wana majina kwa kila unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Upondo mwema hutoka katika pau, ambazo unene wake ni kama sentimita 4 hadi 8, au katika fito nene. Lakini mkoko ni mzito, mwingine huzama, na misitu yenyewe si ya kuchezea. Kenya ilipiga marufuku kuuza miti ya mikoko nje ya nchi mwaka 1982, na zaidi ya nusu ya mikoko yote iliyobaki nchini iko Lamu. Kusafirisha mkoko kutoka Lamu hadi Eldoret ili kusukuma mtumbwi bwawani ni dhambi juu ya hasara.

Huku juu tuna mianzi, na wengi watakimbilia mwanzi. Unaota Cherangani na Mlima Elgon, na wapo wakulima wanaoupanda. Ni mwepesi ajabu: wa mita 4 hauzidi kilo 2 kwa hesabu yangu. Ukiupata shambani kwa mtu, uchukue. Ukiutaka kutoka msitu wa serikali, kwanza ni kibali. Udhaifu wake uko mguuni. Jiwe moja linaponda pingili ya mwisho, maji yanaingia ndani, na jua la siku chache linafungua ufa mrefu. Anayeutumia azibe pingili ya chini kwa kigingi cha mbao ngumu na kuifunga waya kabla ya kitu kingine chochote.

Mbao ya mbili kwa mbili ya saipresi nayo inafaa, mradi isiwe na jicho hata moja. Jicho la mbao ndipo upondo unapovunjika, na utavunjika ukiwa umeuegemea kwa uzito wako wote. Ubao wa mita 4 usio na jicho ni nadra kuupata, na mwenye duka la mbao anajua thamani yake.

Baada ya kuyapima yote hayo, nasimama na bulugamu. Nasimama na machipukizi yake.

Kila mkulima wa Uasin Gishu aliyewahi kukata shamba la bulugamu anajua kisiki hakifi. Miezi michache baadaye kimetoa machipukizi kumi au zaidi, yote yakipigania mwanga, yote yakienda juu moja kwa moja bila kupoteza nguvu kwenye matawi. Mkulima hupunguza, huacha mawili au matatu yawe milingoti au kuni za baadaye, na yaliyobaki huyatupa, huyachoma au huyafanya fito za ua. Hayo yanayotupwa, yakiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu au miwili, ndiyo pondo. Unene wa sentimita 4 au 5 chini, 3 na nusu juu, nyuzi za mti hazijakatwa na msumeno mahali popote. Hakuna mbao ya dukani yenye nguvu hiyo kwa wepesi huo.

Mti huu umelaumiwa sana kwa kunywa maji. Marehemu John Michuki, akiwa Waziri wa Mazingira, aliagiza mikaratusi iliyo kandokando ya mito na chemchemi ing'olewe, na naamini alikuwa sahihi: mahali pake si ukingoni mwa maji. Lakini ulioko juu kilimani, shambani kwa mtu, una kazi hii ya kumfanyia mvuvi.

Nilipeleka miti minne kwa seremala mmoja wa mtaa wa Langas, hapa Eldoret.

"Habari ya kazi, fundi?"

"Mzuri, mzee. Hizi ni za ua?"

"Ni za kusukumia mtumbwi."

Hakucheka. Aliuchukua wa kwanza, akaulaza juu ya benchi, akauviringisha taratibu kwa kiganja huku akitazama ncha ya mbali kama mtu anayelenga bunduki. Ncha ikapanda na kushuka. Akauweka kando. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu uliviringika ukiwa umetulia, naye akaugonga kwa mpini wa nyundo, akasikiliza, akagonga tena karibu na ncha. "Huu," akasema. "Lakini usiniletee mbichi tena."

Kukausha ndiko kunakoamua kila kitu, na ndiko watu wanakoharakisha. Mti ukatwe kiangazi, Desemba hadi Februari. Gome litolewe siku hiyohiyo, maana lina unyevu na bado linachomoka kwa mkono. Kesho yake utalikwangua kwa kisu kipande kwa kipande. Ncha zote mbili zipakwe rangi nzito, nta au hata samadi mbichi ya ng'ombe, ili maji yasitoke hapo haraka kuliko ubavuni, kwa kuwa mpasuko wa bulugamu huanzia nchani. Kisha mti ufungwe kwenye boriti iliyonyooka, au kwenye paa la banda kwa ndani, kwa vipande vya mpira wa tyubu kila hatua moja, na uachwe kivulini wiki sita hadi nane. Usiuanike juani. Nimepima tofauti kwa hesabu: mti wa mita 4 na nusu wenye unene wa sentimita 4 unakaribia kilo 6 ukiwa mbichi, na ukikauka hushuka chini ya kilo 4. Anayeuinua mara 300 kwa asubuhi moja ataijua tofauti hiyo mgongoni.

Urefu haupimwi kwa macho. Chukua kina cha maji unapovulia, ongeza kimo chako, kisha ongeza mkono mmoja, kwa sababu upondo husukuma ukiwa umeinama na si ukiwa wima. Kwa mabwawa yetu mengi hiyo ni pima mbili na nusu, yaani mita 4 na nusu. Upande mnene ukae chini. Fundi alipitisha randa pale tu palipokuwa na vifundo, kisha msasa mkavu. Asiulainishe kupita kiasi: mkono uliolowa unahitaji mahali pa kushika.

Sasa mguu. Mti mtupu kwenye tope huzama kama sindano kwenye ugali. Wengine hupigilia kibao bapa chini, na kibao hicho hakizami, kweli, lakini ukivuta, tope linakinyonya na kukishikilia. Panda ndiyo jibu. Ile mikono miwili husimama juu ya tope na mizizi ya matete, na ukivuta, maji hupita katikati na kuuachia. Wenyeji wa delta ya Okavango kule Botswana, wanaosukuma mitumbwi yao kwa mti uitwao ngashi, huuacha na panda nchani kwa sababu hiyohiyo. Huko Florida, Marekani, wavuvi wa maji mafupi hununua pondo za kaboni kwa bei inayoweza kupita dola 1,000, na nchani mwake utakuta panda ileile, ya plastiki.

Panda bora nimeipata kwenye mpera. Kila aliyekuwa mtoto huku anajua panda ya manati hutoka mpera, kwa kuwa haipasuki pale mikono inapoachana. Tafuta yenye unene sawa na upondo, mikono ya sentimita 15, shina la sentimita 25. Ikauke pamoja na mti. Kisha kata shina lake mshazari kwa urefu wote huo, kata na ncha ya upondo mshazari vivyo hivyo, zilalie pamoja, toboa kwa keekee mahali pawili na upitishe bolti nyembamba zenye washa pande zote. Juu yake zungusha waya wa kufungia vyuma, kazi ya koleo dakika tano, na mwisho funika kwa utepe wa tyubu uliovutwa kwa nguvu zako zote. Tyubu huzuia waya kukwaruza mtumbwi na kurarua nyavu. Kwa mto wa mawe kama Sosiani, na jina la Eldoret lenyewe linatokana na neno la Kimaasai la mto wenye mawe, panda haina kazi. Hapo vika ncha kipande cha bomba la chuma.

Kuna onyo moja ambalo naomba lisomwe mara mbili. Eldoret ni mji wa viwanda vya milingoti ya stima, na vipande vyake vyenye rangi ya kijani hupatikana kwa bei ya kutupwa. Visiguswe kwa kazi hii. Rangi hiyo ni dawa ya shaba, kromi na aseniki. Mlingoti ukiwa umesimama barabarani haukudhuru, lakini ukiuchana, ukiupiga randa na msasa, vumbi lake linaingia kifuani, na mti wenyewe utaushika kwa mikono mitupu iliyolowa kila asubuhi, kisha kwa mikono hiyo uparuze samaki. Wala vipande hivyo visiwe kuni za kupikia. Vilevile oili chafu ya gari, ambayo watu hupenda kupaka mbao, isiingie bwawani ambamo ng'ombe hunywa na watoto huchota. Mabaharia walipaka vyombo vyao sifa, mafuta ya papa, na yalitosha. Sisi tunayo mafuta ya kitani kwenye maduka ya rangi: paka mara mbili, futa yanayobaki, acha yakauke siku tatu kati ya mpako na mpako.

Gharama? Machipukizi nilipewa bure na jirani aliyekuwa anayachoma. Panda ya mpera bure. Nililipa bolti, waya, mafuta kidogo, tyubu kuukuu kutoka kwa fundi wa baiskeli, na ujira wa seremala. Noti ya shilingi elfu moja ilitosha na chenji ikarudi.

Niliupeleka bwawani kwa vijana wale wawili. Yule aliyekuwa ameshuka majini siku ile aliupokea, akaupima mkononi, akaniuliza, "Mzee, hii itashika?" Nikamwambia asimame tezi, miguu imeachana, goti limelegea. Auteremshe karibu na ubavu wa mtumbwi na kuuacha uteleze mikononi hadi uguse chini. Asisukume ukiwa wima. Angoje mtumbwi uupite kidogo, mti uiname nyuma, ndipo aegemee na kupandisha mikono mmoja juu ya mwingine hadi ncha. Kisha, kabla ya kuvuta, auzungushe robo duara. Mzunguko huo mdogo ndio unaolikata tope. Na ukikwama, auachie. Auachie mara moja, arudi kuuchukua kwa kafi. Anayeng'ang'ania upondo uliokwama huachwa na mtumbwi. Ndiyo maana kafi lisitoke mtumbwini hata siku moja, na ndiyo maana upondo usifungwe mkononi kwa kamba.

Alikosea mara tatu, mtumbwi ukazunguka. Mara ya nne matete yakafunguka pembeni, na nikamwona anatazama chini, pale maji yalipoacha alama kwenye mti, kama yule baharia wa Mkanda. Walirudi na ngege sita wakubwa na suruali zao zikiwa kavu.

Jaketi la kuokoa maisha hawakuwa nalo, na hilo liliniuma kuliko kitu kingine. Wasio na jaketi wafunge jerikeni tupu la lita 20, kifuniko kimekazwa, kwa kamba fupi ndani ya mtumbwi. Likishikwa, linaweza kubeba kichwa cha mtu mzima juu ya maji. Haliwi badala ya jaketi, ila ni bora kuliko mikono mitupu. Na upondo usiegemezwe ukutani usiku, utapinda. Ulazwe juu ya misumari mitatu chini ya paa.

Wewe mwenye shamba la bulugamu karibu na bwawa, usichome machipukizi unayopunguza kiangazi hiki. Chagua mawili yaliyonyooka, yatoe gome siku hiyohiyo, yafunge kwenye boriti ya banda lako, na mvua za Aprili zikianza kujaza mabwawa uwape vijana wanaotega nyavu jirani yako.